Mkono wa Kumpasua Bi Mwanapili

Katika Chake Chake ya miaka ile hapakuwa na mtu aliyeyajua matumbo ya wanawake wa mji kama Bi Mwanapili binti Kificho wa Tibirinzi. Mwanamke akijifungua, siku ya tatu aliitwa yeye, na kwa siku arubaini alikwenda kila asubuhi na mafuta yake ya nazi na kitambaa chake cha kuchovya katika maji ya moto, akamkanda mzazi, akamfunga mkaja tumboni ukamkaza sawasawa, kisha akajifunika buibui lake akarudi nyumbani. Kazi hiyo alifundishwa na mama yake akiwa na miaka ishirini. Alipofika arubaini na tatu alikuwa amekanda katika nyumba zote zenye jina, na katika nyingi zisizokuwa nalo.

Hakuwa mtu wa maneno. Akitoka katika nyumba na kuulizwa njiani, "Mzazi hajambo?" alijibu, "Mzima." Mzazi aliyekuwa akichekacheka na wageni alikuwa mzima, na mzazi aliyekuwa hajitambui alikuwa mzima pia. Bi Mwanapili alijua nani alichanika, nani alishonwa, nani alipasuliwa akawaambia watu kuwa alikwenda Unguja kusalimia, na mtoto wa kwanza wa nani hakuwa wa kwanza. Yote yaliingia katika viganja vyake yakakaa humo. Wenye mikono mizuri walikuwapo wengine, lakini yeye aliitwa kwa ajili ya mdomo wake.

Kwa hiyo mwaka wa 1960, tumbo lake mwenyewe lilipoanza kufura, watu waliona kuwa zamu yao imefika.

Chanzo chake kilikuwa cha nyuma. Miaka mitano kabla, mumewe Mwalimu Othman akiwa hai, kidole tumbo kilimpasukia ndani, na daktari wa kupasua wa Wete akiwa safarini, akakimbizwa Unguja akapasuliwa, akapona. Akakaa miaka mitatu na zaidi bila ya shida. Kisha Mwalimu Othman akafariki, eda ikaisha, na mwaka mmoja baada ya eda tumbo likaanza vituko. Lilikuwa likisokota kuanzia kitovuni, likapanda na kukaza hata kanga haikufungika, akatapika maji ya kijani, wala upepo hautoki wala choo. Siku ya pili au ya tatu lilinguruma kwa ndani, likalegea, likashuka. Wengine walisema ni chango. Wengine hawakusema ni chango.

Bi Mize, jirani yake na shoga yake tangu chuoni walikosoma Kurani pamoja, ndiye aliyemletea habari za mferejini, walikochota maji wanawake, na hakuzipunguza hata kidogo.

"Wanasema safari hii utajikanda mwenyewe."

Bi Mwanapili alikuwa akipepeta mchele. Aliendelea kupepeta.

"Nani kasema?"

"Ungekuwa mdomo mmoja ningekutajia. Ulikuwa mfereji mzima, shoga."

"Na weye ulisema nini?"

"Nilisema mimba gani hiyo inayopanda leo ikashuka keshokutwa. Wakasema basi labda ni ya jini."

"Afadhali," alisema Bi Mwanapili. "Jini hana ukoo wa kwenda kuulizwa."

Lakini ukoo alikuwa nao yeye. Upande wa baba alikuwa wa akina Kificho, watu ambao binti yao hakupata kutajwa mferejini kwa lolote ila kusifiwa. Upande wa marehemu mume walikuwapo kina Mzee Abrahman. Mzee Abrahman, kaka mkubwa wa Mwalimu Othman, naye aliyapata kwa njia ya wanaume: mtu mmoja barazani alimuuliza hali ya shemegi yake, akauliza mara mbili, na mara ya pili alitabasamu. Mzee Abrahman alirudi nyumbani akakata shauri kwamba tumbo lile lazima litibiwe, litibiwe upesi, na litibiwe na daktari, mbele ya macho ya mji. Ugonjwa una heshima yake, lakini sharti ujulikane kuwa ni ugonjwa.

Daktari hakuwa wa kutafutwa mbali. Mwanawe mwenyewe, Dokta Nassor, alikuwa amerudi mwaka uliotangulia baada ya miaka tisa ya masomo ng'ambo, na sasa akipasua hospitalini. Alikuja akamtazama mke wa baba yake mdogo, mama yake mwenyewe, mke wa Mzee Abrahman, akiwa amekaa pembeni, akamgusa tumbo juu ya kanga, akamuuliza maswali mengi kwa sauti ya chini. Kisha akawaeleza wote kwamba mtu akishapasuliwa, matumbo hupona kwa kushikana, utumbo huu na ule, na pengine na ukuta wa tumbo, kwa nyuzi nyuzi. Utumbo ukijipinda katika nyuzi hizo, hakipiti kitu. Nyuzi zikilegea, mtu anapata nafuu.

"Na siku zisipolegea?" aliuliza Bi Mwanapili.

"Siku hiyo, mama mdogo, ni ya kuwahi. Utumbo ukifungika ukakosa damu, ni siku mbili, tatu."

"Kisha?"

Dokta Nassor alikuwa amelelewa vizuri, akasema tu kwamba ni bora tumbo lifunguliwe, nyuzi zile ziachanishwe.

Mzee Abrahman alisikia neno "lifunguliwe," akasema, "Basi Nassor atalifungua."

Alhamisi ile baada ya alasiri wazee watatu walikaa barazani kwa Mzee Abrahman ili jambo liwe na mashahidi. Mjini petu mtu akija kuposa huulizwa baba yake nani, kalelewa na nani, anasali wapi. Hapana mzee aliyeona sababu ya kumchagua daktari wa kupasua kwa njia nyingine. Madaktari wa kazi hiyo katika kisiwa walikuwa wawili. Dokta Nassor, baba yake ndiye huyu hapa. Babu yake alichimba kisima cha msikiti. Mama yake ni wa watu. Wa pili alikuwa yule Mgoa wa hospitali ya Wete, mtu wa Goa kule Bara Hindi, ambaye watu walimwita Dokta Mgoa ingawa alikuwa na jina lake, na ambaye kwa miaka ishirini na sita aliyokaa visiwani hakuna aliyepata kumwona baba yake wala mama yake.

"Tena hana chama," alisema Mzee Mabruki, mmoja wa wale watatu. Ulikuwa mwaka ule ambao hata duka la chumvi lilikuwa na chama. "Mtu asiyekuwa na upande, utajuaje akikushika kakushikia upande gani?"

Halafu akaitwa Vuai, mkulima wa karafuu, aliyepasuliwa jipu la ini na Dokta Nassor miezi sita kabla. Kwa bahati njema ini liko juu ya kitovu, kwa hiyo kovu lake liliweza kuonyeshwa mbele ya watu wazima bila ya kuvunja sheria. Vuai alifungua shati. Wazee waliinama wakatazama.

"Kama upindo wa kofia," alisema Mzee Mabruki.

"Pitisha kidole," alisema Vuai. "Hukwami."

Mzee Mabruki akapitisha kidole, hakukwama. Hapo shauri likaisha.

Bi Mwanapili alikuwa ndani, nyuma ya pazia la mlango, akisikiliza tumbo lake likiposwa.

"Shemegi," Mzee Abrahman aliita, "umesikia?"

"Nimesikia, shemegi."

"Basi Jumatatu, inshallah."

"Nipeni siku kumi."

Mzee Abrahman hakuzoea kuombwa siku.

"Siku kumi za nini?"

"Za kuuliza."

"Siye hapa tumefanya nini tangu alasiri?"

"Nyie mmemuuliza baba yake na babu yake, Mungu awaweke. Miye nataka kuwauliza wagonjwa wake."

"Wagonjwa gani? Vuai si huyu hapa kafungua shati?"

Bi Mwanapili angesema nini? Wagonjwa aliokusudia walikuwa katika viganja vyake. Katika miaka ile alikuwa amekanda wanawake kumi na mmoja waliopasuliwa na Dokta Mgoa, wengine kwa uzazi, wengine kwa mambo mengine, kabla hawajashika mimba. Makovu yao yalikuwa ya kutia aibu. Yalipinda, yalivimba, yalikuwa kama gunia la mbata lililoshonwa kwa shazia na mtu aliyetaka kuwahi chombo. Lakini chini ya makovu yale tumbo lilikuwa laini. Lilikwenda na mkono kama unga uliokandwa ukalala.

Na katika mwaka mmoja alikuwa amekanda watatu wa Dokta Nassor. Makovu yao yalikuwa mazuri kweli, wazee hawakukosea. Mmoja wao alikuwa bado mbichi, hakumkaza mkono. Wawili waliobaki, chini ya lile kovu zuri, vidole vyake vilipita juu ya kitu kilichotulia kigumu, kama kamba iliyosahauliwa chini ya mkeka. Na wote wawili walimwambia, kila mmoja kwa wakati wake, kwamba wakila muhogo tumbo linasokota. Kamba ile Bi Mwanapili aliijua. Alikuwa nayo yake.

Mashahidi kumi na wanne, na wote amana. Akimtaja mmoja amewavua nguo wote.

"Siku kumi," alisema. Mzee Abrahman akasema haya, siku kumi, lakini alilisema neno lile kwa namna ya mtu anayeandika tarehe.

Bi Mize alipopata habari alikuja na dawa yake tayari.

"Shoga, jambo hili dogo. Sema unamwonea haya Nassor. Mama yako ndiye aliyemkanda mama yake alipomzaa, na weye ukamsugua utosi kwa mafuta, leo akuvue nguo? Nani atakujibu? Nassor hakuvunjiwa heshima, baba yake hakuvunjiwa heshima, na weye umepata sifa juu yake."

Lilikuwa shauri zuri. Bi Mwanapili alisuka ukili wa mkeka nusu pima nzima akilifikiri.

"Nikimwonea haya mwanangu," alisema mwishowe, "Mgoa nitamvuliaje?"

"Mgoa mgeni. Mgeni hahesabiwi."

"Miye ndiye ninayemhesabu. Ndiyo maana namtaka."

Alitaka pia jambo jingine, ambalo hakumwambia hata Bi Mize. Hakutaka kusema uongo. Si kwa sababu ya ucha Mungu peke yake. Miaka ishirini na tatu watu walimwachia siri zao kwa kujua kuwa mdomo ule ama hunena kweli ama hauneni kitu, na "mzima" lilikuwa neno la kutonena kitu. Akianza leo kusema uongo juu ya tumbo lake, nani atamwachia la kwake kesho?

Siku ya sita alikwenda Wete na Bi Mize, kwa mzazi mmoja aliyekuwa akimaliza arubaini. Walimsalimia mzazi, wakanywa chai, kisha wakapitia hospitali. Dokta Mgoa alikuwa mtu mfupi, miwani yake imefungwa kwa uzi upande mmoja. Alizungumza Kiswahili cha watu wa Wete kiasi kwamba ukifumba macho ungemdhani mvuvi.

Bi Mwanapili hakuzunguka.

"Dokta, wa namna yangu umewafungua wangapi? Matumbo yaliyoshikana."

"Arubaini na moja," alisema Dokta Mgoa.

"Waliokufa?"

Bi Mize alimkanyaga mguu. Dokta Mgoa alivua miwani akaifuta kwa ncha ya shati.

"Wanne. Wawili walikuja wamechelewa. Mmoja sijui mpaka leo. Mmoja nilifanya haraka."

"Waliorudi na ugonjwa ule ule?"

"Sita ninaowajua. Asiyerudi pengine kapona, pengine kaenda kwa mwengine."

"Na miye utanifungua lini?"

"Sitakufungua," alisema Dokta Mgoa. "Kila ninapokata, mama, natia nyuzi nyingine. Ukiweza kukaa bila ya kukatwa, kaa. Kula kidogo kidogo, uache nyama za mishipa na maembe yenye nyuzi. Likifunga, njoo siku ile ile, usingoje lilegee. Likikaa siku nzima na dawa na mpira wa puani wa kuvuta maji ya tumboni, halikufunguka, hapo ndipo nitaingia."

Bi Mwanapili alimtazama. Alikuwa amekuja kumtafuta mtu hodari wa kukata, akampata anayekataa. Akauweka mkono wake mwenyewe juu ya buibui, chini ya kitovu, kidogo upande wa kulia.

"Limeshikia hapa. Na uzi mmoja unapanda huku."

Dokta Mgoa aliweka vidole vyake pale alipoonyeshwa, akabonyeza polepole.

"Nani kakwambia?"

"Kazi yangu."

"Basi ukifika siku hiyo nitaanzia hapo."

Walipokuwa wakiondoka aligeuka mlangoni.

"Niwie radhi, Dokta. Mbona makovu yako mabaya hivi?"

Bi Mize akamkanyaga tena, safari hii kwa nguvu.

"Ndani napita nyuzi moja moja," alisema Dokta Mgoa. "Saa mbili, saa tatu. Nikifika kwenye ngozi nimechoka. Na ngozi haijapata kumuua mtu."

Bi Mwanapili alirudi Tibirinzi na jibu lake, lakini jibu lenyewe halikuwa na pa kulisemea. Angewaambia wazee kwamba amemchagua Mgoa kwa sababu amekataa kumpasua na kwa sababu ameua wanne? Alikaa nalo siku tatu. Alikula kidogo kidogo na kuacha maembe.

Siku ya tisa ilikuwa Ijumaa. Watu walikuwa wanatoka msikitini wakati tumbo lilipokaza. Alijua mara moja kwamba hili si lile la kulegea. Chini ya vidole vyake ile kamba ilikuwa imekazwa kama ya kuanikia nguo. Bi Mize akapiga mbio kwa Mzee Abrahman. Kabla ya adhuhuri kwisha vizuri, Mzee Abrahman alikuwa amesimama ukumbini, na Dokta Nassor amepiga magoti pembeni mwa kitanda, na motokaa ya jirani inangurumishwa nje.

"Hospitali, sasa hivi," alisema Mzee Abrahman. "Siku kumi hazikufika, lakini Mungu hakungoja."

"Nassor," alisema Bi Mwanapili. Jasho lilikuwa linamtoka, sauti yake ilikuwa ile ile. "Nikuulize neno, mwanangu, na baba yako asikie."

"Uliza, mama mdogo."

"Wa namna hii umewafungua wangapi?"

Mzee Abrahman alisema, "Shemegi, si wakati wa maswali," lakini hakuna aliyemgeukia.

Dokta Nassor alitazama sakafu. "Wawili."

"Wako wapi?"

"Mmoja yuko Makoongwe. Anavua, hajambo."

"Na wa pili?"

Nje mwenye motokaa aliongeza moto, akapunguza. Dokta Nassor alikuwa na miaka thelathini na moja na mji mzima ulikuwa unapitisha vidole juu ya mishono yake.

"Wa pili alikuwa mzee," alisema. Kisha akainua uso, akasema neno lililobaki. "Lakini hakufa kwa uzee. Niliuvuta uzi ambao nilitakiwa kuukata, utumbo ukapasuka."

Mzee Abrahman aliketi juu ya kasha la nguo.

"Mwanangu," alisema Bi Mwanapili, "angekuwa mama yako amelala hapa, ungempeleka wapi?"

"Wete," alisema Dokta Nassor.

Hapakuwa na ubishi juu ya hilo. Mwenye elimu ndiye aliyesema. Kilichobaki kilikuwa uso wa Mzee Abrahman. Alikuwa amemsomesha mtoto kwa miaka tisa, akamwonyesha barazani, akamfungulisha Vuai shati. Sasa mke wa ndugu yake anapitishwa mbele ya hospitali ya mtoto huyo, mchana wa Ijumaa, watu wote wako njiani, anapelekwa kwa mwengine.

"Watu watasema mwanangu hawezi," alisema polepole. Hakuwa akibishana tena. Alikuwa akiomba asaidiwe.

Bi Mwanapili alingoja msokoto mmoja upite.

"Nassor atakwenda nami, aingie mle ndani. Ndani afungue Dokta Mgoa. Nje ashone Nassor. Nikiulizwa nani kanishona, nitasema Nassor. Na zaidi ya hapo, shemegi, hunijui miye?"

Mzee Abrahman alimjua. Wote walimjua. Hapana mdomo katika Pemba nzima ambao jina la nyumba lingeweza kuwekwa humo likalala salama kama mdomo ule. Alisimama, akaenda mwenyewe kufungua mlango wa motokaa.

Wete walimtia mpira wa puani na maji ya mshipa, wakangoja mpaka Jumamosi asubuhi kama Dokta Mgoa alivyoahidi, na tumbo halikulegea. Akapasuliwa saa mbili ya asubuhi. Dokta Mgoa alianzia pale alipoonyeshwa. Dokta Nassor, aliyesimama upande wa pili wa meza, alisimulia baadaye kwamba hakuwahi kuona mtu akifanya kazi taratibu namna ile. Uzi mmoja, kisha anautazama, kisha anaukata, kisha anapumua. Kwa saa tatu hakuvuta kitu. Nyuzi mbili za mwisho alimpa Dokta Nassor mkasi azikate, akamshika mkono alipotaka kwenda haraka. Utumbo uliokuwa umeiva rangi ya zambarau ulirudia wekundu wake, wakauacha wote mahali pake. Halafu Dokta Mgoa akarudi nyuma, akakaa juu ya kiti.

"Haya," alisema. "Mapambo yako."

Na Dokta Nassor akashona.

Bi Mwanapili alirudi Tibirinzi baada ya wiki tatu. Wanawake walikuja kumpa pole, na kila aliyekuja alikuja pia kutazama; yeye, aliyetazama matumbo ya watu miaka ishirini na tatu, hakuona haki ya kukataa. Aliifungua kanga. Lilikuwa kovu zuri kupita la Vuai.

"Hii kazi ya Nassor," walisema.

"Kashona Nassor," alisema Bi Mwanapili.

Mferejini hawakupata la kuongeza. Mmoja wao, aliyekuwa na sauti kubwa kuliko wenzake siku zile, alijifungua kabla ya mwaka kwisha, na siku ya tatu akamtuma dada yake Tibirinzi. Bi Mwanapili alikwenda siku zote arubaini. Alipoulizwa njiani hali ya mzazi yule, alisema, "Mzima."

Mzee Abrahman alisikia kovu linavyosifiwa mpaka akaanza kuamini kwamba mwanawe ndiye aliyefanya yote, na Mgoa alikuwa pale kumshikia mkasi. Hakuna aliyemsahihisha. Alipofariki aliondoka na imani hiyo, na jina la nyumba yake lilikuwa pale pale lilipokuwa.

Lakini Dokta Nassor mwenyewe hakuamini. Aliomba ruhusa, na kila wiki siku mbili alikuwa Wete, amesimama upande wa pili wa meza ya Dokta Mgoa. Alifanya hivyo miaka miwili, mpaka mzee yule alipostaafu.

Katika miaka hiyo jambo moja liliwasikitisha watu wa barazani. Walisema Dokta Nassor ameharibika mkono. Makovu yake ya siku hizi si yale. Yamepinda, yamevimba, mengine kama gunia. Mzee Mabruki alisema ndiyo matokeo ya kukaa na watu wasiojulikana baba zao. Bi Mize aliyaleta maneno hayo Tibirinzi kama alivyoyakuta, akamkuta shoga yake anachemsha mafuta yake ya nazi.

"Weye unayewakanda unaonaje? Kweli kaharibika?"

Asubuhi ile Bi Mwanapili alikuwa ametoka kumkanda mwanamke aliyepasuliwa na Dokta Nassor. Kovu lilikuwa baya, limekwenda upogo. Mkono ulipita chini yake na tumbo likaenda na mkono, laini, halina kamba.

"Ukiumwa," alisema Bi Mwanapili, "mwendee yeye."